Lamu au Mafia? Kulinganisha usalama wa safari na mambo ya kuona

Watu wa Dar, Mombasa na Nairobi wanaotaka kisiwa kisicho na msongamano wa Unguja siku hizi wanajikuta kati ya viwili: Lamu na Mafia. Vyote ni visiwa vya Waswahili, vyote vina fukwe, magofu, misikiti ya kale na samaki wa jana usiku. Kwa picha za simu utadhani ni kitu kimoja. Hatari zake, hata hivyo, hazifanani hata kidogo, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia kabla ya kuulizia bei ya chumba.

Lamu jambo la kufikiria sana ni barabara ya kufikia. Mafia ni bahari ya kuvuka. Ukishafika, Lamu inakushika kwa mji wake, na Mafia kwa kilichomo majini. Anayejua anasafiri mwezi gani, anasafiri na nani, na kama roho yake iko mjini au majini, kazi kubwa ya kuchagua ameshaimaliza.

Kufika Mafia

Kwa ndege kutoka Dar ni mwendo wa nusu saa na kidogo, unatua Kilindoni, mji mkuu wa wilaya, na bajaji zinakusubiri nje. Ni ndege ndogo, kwa hiyo uzito wa mizigo unahesabiwa kweli. Begi gumu kubwa liache nyumbani.

Njia ya pili ndiyo wanayotumia wenyeji wengi. Unapanda gari Mbagala, unapita Mkuranga, unafika Bungu, unakata kushoto kwenda Nyamisati kwenye delta ya Rufiji. Hapo kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na boti za watu binafsi. Nyamisati ni bandari ya ndani ya mkono wa mto, imezungukwa na mikoko, na chombo kikubwa hakitoki wala kuingia bila maji kujaa. Ratiba yake basi inafuata mwezi kuliko inavyofuata saa ya ukutani. Leo chombo kinang'oa asubuhi, wiki ijayo alasiri. Abiria wanakaa na magunia, madumu na kuku, kila mmoja akiangalia matope ya ukingoni yanavyofunikwa kidogo kidogo. Maji yakigusa mizizi ya juu ya mikoko, ndipo mabaharia wanaanza kuhangaika na kamba. Mgeni asiyejua hili hugombana na wakata tiketi bure.

Saa ya kwanza ni shwari, chombo kinapita katikati ya mikoko, kwenye delta hiyohiyo ambamo manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha na kuzamishwa Julai 1915. Mawimbi yanaanza ukitoka mdomoni mwa mto. Wakati wa Kusi, upepo wa katikati ya mwaka, mkondo wa Mafia hauna huruma, na hapa ndipo nawaambia watu waache ubahili. Kivuko cha serikali kikiwa kimeahirishwa kwa sababu ya upepo, usikubali kushawishiwa upande boti ndogo ya faiba au jahazi la mizigo "kwa sababu nahodha anaijua njia". Anaijua kweli, lakini upepo hauulizi nani anajua njia. Angalia jaketi okozi ziko ngapi na ziko wapi, si kwamba zipo tu. Zilizofungiwa stoo chini ya magunia ya saruji hazimwokoi mtu. Mvalishe mtoto kabla ya kuondoka, la kwake mwenyewe, la saizi yake. Ukiona watu wamezidi, shuka. Nauli uliyopoteza utaipata tena.

Kwa upande wa barabara, haki itendeke: mwaka 2017 Kibiti, Mkuranga na Rufiji zilipitia kipindi kibaya cha mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji. Hali ilitulia baadaye, na leo mabasi ya kusini yanapita hapo kama kawaida.

Kufika Lamu

Lamu hesabu inageuka. Kuvuka maji ni jambo dogo: kutoka jeti ya Mokowe, bara, boti ya kasi inakufikisha mjini kwa dakika chache, ndani ya mlango wa bahari uliokingwa na visiwa. Ukija kwa ndege unatua kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji, unateremka kwa miguu hadi gatini na kuvuka. Mama mzee akishikwa mkono vizuri kwenye ngazi za gati, safari imekwisha.

Tatizo ni kipande cha Garsen, Witu hadi Mokowe. Barabara yenyewe sasa ni ya lami, lakini inapita karibu na maeneo ambako al-Shabaab wameshambulia zaidi ya mara moja. Juni 2014 Mpeketoni na vijiji vya jirani vilipoteza watu zaidi ya 60. Januari 2020 basi la abiria lilishambuliwa Nyongoro, kwenye barabara hiyohiyo. Kabla ya hapo, Septemba na Oktoba 2011, wageni walitekwa Kiwayu na Manda na kupelekwa Somalia. Sisemi haya kumtisha mtu. Mabasi yanakwenda na kurudi, na watu wa Lamu wanasafiri kila siku kwenda Mombasa hospitalini, shuleni na sokoni. Ila anayekuambia "hamna kitu" hakutakii mema.

Mabasi hupangwa yapite kipande hicho mchana, mara nyingi kwa kusindikizwa na polisi, na kuna vizuizi ambapo abiria wote wanashuka na vitambulisho mkononi. Kitambulisho ni lazima, hata kwa kijana aliyemaliza shule juzi. Usikodi gari binafsi kupita hapo alfajiri au magharibi, na siku ya safari piga simu kwa mwenyeji wako Lamu umuulize barabara ikoje. Wenyeji huwa wanajua mapema kuliko redio. Serikali ya Uingereza, katika maonyo kwa raia wake, imekuwa ikitenganisha kisiwa cha Lamu na Manda na sehemu nyingine za kaunti: visiwa hivyo viwili kwa ndege, ndiyo, bara na mpakani, hapana. Mwenye bima ya safari asome hapo vizuri, maana bima nyingi zinafuata maonyo hayo.

Kwa hiyo kwenye kufika, hukumu yangu ni hii. Kwa ndege, Lamu na Mafia ni sawa, na Lamu inaongoza kidogo kwa urahisi wa kuvuka. Bila ndege, Mafia ya Novemba au Februari naichagua mbele ya Lamu, na Mafia ya Julai siichagui kabisa kwa mtu mwenye watoto.

Miezi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanapanga kwa likizo ya kazini na si kwa upepo. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, Kusi inashika Mei au Juni hadi Septemba. Kati yake kuna tanga mbili, upepo unapogeuka na bahari kutulia. Oktoba na Novemba ndio wakati mzuri kuliko wote kwa visiwa vyote viwili, pamoja na vuli inayopita na kuacha jua.

Aprili na Mei ni masika. Mafia, nyumba nyingi za wageni hufunga kabisa. Lamu mji hauwezi kufunga, lakini vichochoro vinageuka mifereji. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia kwenyewe, jambo ambalo wazee wengi wa pwani hawakuwa wamezoea kulisikia, na vivuko vilisimamishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ilikuwa imetoa tahadhari siku kadhaa kabla. Tahadhari ya TMA ikitoka, iamini kuliko nahodha yeyote.

Kingine ni bamvua, yaani maji makubwa, na maji mafu, yaani maji madogo. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yanapanda sana na kutoka sana, na mikondo inakaza. Anayekwenda kuogelea, kuzamia au kutembelea magofu yanayofikiwa kwa mashua aangalie tarehe za Kiislamu kwenye kalenda ya ukutani. Zinasaidia kuliko programu nyingi za simu.

Cha kuona Lamu

UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, na sababu utaiona mwenyewe ukiingia Mkomani: huu si mji wa makumbusho, ni mji unaoishi. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, milango ya nakshi, wikio zinazounganisha nyumba mbili juu ya kichochoro, daka za mlangoni ambapo wazee wamekaa, na chini punda anapita na mchanga wa ujenzi mgongoni. Magari yanahesabika, na ndani ya vichochoro hayaingii kabisa. Kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka minne hilo peke yake ni starehe kubwa. Hatari iliyobaki ni punda na pikipiki, ambazo zimeongezeka. Ukisikia kwato nyuma yako jibanze ukutani upande mmoja, wote pamoja, msigawanyike huku na huku.

Ngome ilikamilika mwaka 1821. Ilianza kujengwa baada ya Waamu, watu wa Lamu, kuwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa pale Shela, wakaona wamwombe Sayyid Said wa Oman awalinde. Ukisimama juu yake unaliona soko, na ukitoka hapo, makumbusho ya mji na nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa ziko karibu. Wanaopenda historia wapite pia ilipokuwa posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891. Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh ndio kiini cha Maulidi ya Lamu katika mwezi wa Mfungo Sita. Ukipata kwenda wakati huo, weka chumba mapema sana, kwani watu wanatoka hadi Ngazija.

Kutoka mjini hadi Shela ni mwendo wa kama dakika arubaini kwa mguu. Ukiwa unafuata pwani, sehemu za njia huliwa na maji yakijaa, basi uliza kwanza, au panda boti. Shela ina msikiti wa Ijumaa wa 1829 wenye mnara uliochongoka, na baada yake unaanza ufukwe wa kilomita kama 12 wenye vilima vya mchanga. Ni ufukwe mzuri kuliko wowote niujuao kaskazini ya Mombasa, na ndiyo sehemu pekee ya kisiwa ambapo nasema waziwazi: usiende mbali peke yako, usibebe pasipoti wala pesa zote, na ukirudi urudi jua likiwa bado juu. Kuogelea karibu na kijiji, mkondo wa mlango kati ya Shela na Manda una nguvu maji yakitoka. Ogelea upande wa nje na usivuke.

Takwa, magofu ya kisiwa cha Manda yaliyoachwa karne ya 17, yanafikiwa kwa mkono wa bahari uliojaa mikoko, na maji yakipwa mashua inakaa tope. Nahodha anayekuambia mnaweza kwenda saa yoyote hamjui Takwa. Kiwayu na Kiunga, mbele huko karibu na mpaka, ni pazuri mno. Kwa sasa ningewaacha watu wasubiri hadi wenyeji wenyewe waseme pametulia.

Cha kuona Mafia

Mji wa Kilindoni haukukusudiwa kupendeza mtalii. Una soko, benki, hospitali ya wilaya, bandari na vumbi. Uzuri uko majini, na huko Mafia haina mpinzani pwani hii.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, na ina kilomita za mraba 822 za matumbawe, nyasi za bahari na mikoko, pamoja na vijiji ambavyo watu wake wanaendelea kuvua kwa utaratibu. Ukifuata barabara ya lami kutoka Kilindoni hadi Utende utakuta geti na utalipa kiingilio, shika risiti. Ghuba ya Chole imekingwa, kwa hiyo wazamiaji wanaweza kuingia hata Kusi ikivuma. Miamba ya nje inahitaji bahari tulivu, na mlango wa Kinasi una mkondo mkali unaowachukua wazamiaji. Hapo huzamiwa maji yanapoingia, kwa sababu yanapotoka yanakupeleka bahari kuu. Mwalimu wa uzamiaji asipokueleza hili bila kuulizwa, tafuta mwingine. Na ukishazamia mara kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, hata kama ndege ya Dar ni ndogo na safari fupi.

Kisha kuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Kati ya Oktoba na Februari, wakati mwingine Machi, wanakuja karibu kabisa na Kilindoni kufuata uduvi na vijidudu vya maji. Boti inatoka asubuhi, na nahodha anatafuta kivuli cheusi chini ya maji na ndege wanaorukaruka juu yake. Unaposhuka, unaona kwanza madoa meupe, safu kwa safu, kisha kichwa kipana na mdomo uliofunguka wote, unachuja maji. Hana habari na wewe. Hatari yake ni mkia tu, na hatari kubwa zaidi ni injini za boti. Wavuvi wa nyavu nao wanafuata vijisamaki hapohapo, kwa hiyo boti husongamana. Usiruke majini kabla nahodha hajatoa gia, ingia taratibu bila kupiga maji, kaa mita tatu kutoka ubavuni na mita nne kutoka mkiani, usimguse, usimkate njia. Pesa yako mpe yule anayekusomea sheria hizi nchi kavu. Anayekuahidi "utamshika kabisa" anaharibu kitu ambacho wajukuu wa Kilindoni wangekula kwacho.

Chole, kisiwa kidogo mbele ya Utende, kina magofu ya enzi za Waarabu na Wajerumani yaliyokumbatiwa na mizizi, popo wakubwa wa matunda wanaoning'inia mchana kwenye miti, na mafundi wa kuunda majahazi. Juani kuna Kua, mji uliohamwa baada ya kushambuliwa na Wasakalava wa Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Nenda maji yakiwa yamejaa na umchukue kiongozi wa hapohapo kisiwani. Juani hiyohiyo kasa hutaga, na katikati ya mwaka mayai huanguliwa. Sea Sense, shirika linalowalinda, huwaruhusu wageni kutazama vifaranga wakishuka baharini. Tochi na mmweko wa kamera vizimwe.

Ukitembea kwenye miamba maji yakipwa vaa viatu vya soli ngumu. Samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani, na kuna samaki wa sumu wanaofanana na jiwe. Kokota miguu badala ya kuinyanyua.

Ukishafika

Malaria ipo kote kuwili, chandarua kila usiku. Lamu ina Hospitali ya King Fahd, Mafia ina hospitali ya wilaya Kilindoni. Vyote vinatosha kwa homa na mshono, lakini jambo zito linataka ndege. Mgonjwa wa moyo, mjamzito aliyekaribia, au mtu wa kusafishwa damu asichague Mafia katika msimu wa Kusi. Pesa taslimu beba Mafia zaidi kuliko Lamu, kwa sababu mashine ya benki ikigoma Kilindoni huna pa kukimbilia, ingawa mitandao ya simu inasaidia.

Wizi mkubwa haupo. Lamu utasumbuliwa zaidi na vijana wa ufukweni wanaojitolea kukuongoza, kubaliana bei kabla ya hatua ya kwanza, na mkatalie kwa heshima, "ahsante ndugu yangu, nina mwenyeji." Mafia usumbufu huo ni mdogo sana. Mavazi ya kuogelea yaishie ufukweni, kote. Ramadhani mchana mikahawa mingi ya wenyeji imefungwa, basi panga chakula chako mapema.

Anayevuka mpaka abebe pasipoti au hati ya muda ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Nani aende wapi

Wazee, watoto wadogo na wapenda historia: Lamu, kwa ndege, mwezi wowote isipokuwa masika. Mzee wa magoti aulizwe kwanza chumba kiko ghorofa ya ngapi, kwa sababu ngazi za nyumba za Lamu ni za mwinuko mkali. Mafia gari linamfikisha mlangoni.

Wanaoogelea vizuri, wanaozamia, na wanandoa wanaotaka utulivu: Mafia, Oktoba hadi Februari. Mwenye bajeti ndogo anayetoka Dar apite Nyamisati miezi hiyohiyo na awe na siku mbili za ziada mfukoni. Mwenye bajeti ndogo anayetoka Mombasa anaweza kwenda Lamu kwa basi la mchana, akiwa ameuliza habari za barabara asubuhi hiyo, na akiambiwa asubiri, asubiri.

Mwenye likizo ya Julai tu, asiyeweza kuisogeza, aende Lamu. Mafia ataikuta Novemba mwakani, papa potwe wakiwa wamerudi Kilindoni.